Udongo wa Kulinganishia

Sisi wengine hunawa mikono tukishashika udongo. Yeye, mpimaji mwenzetu, hunawa kabla. Hapaki hina, asije akachafua kipimo, wala hasemi "huenda". Katika maabara yetu hapa Changamwe, dawa tunayotia kwenye chupa ya udongo huwa nyekundu udongo ukiwa na masalia ya baruti, naye huwaambia wenye shamba, "Msilime." Leo alipima udongo wa karibu na machimbo yanakopasuliwa mawe kwa baruti, na kando akaweka wa uani kwao Jomvu Kuu, ule safi anaotumia kulinganishia siku zote. Chupa zote mbili zikawa nyekundu.

"Labda chupa ilikuwa chafu," nikamwambia.

"Niliiosha mwenyewe." Akapiga simu. "Shikamoo mama," akasema kwa sauti ileile. "Mchicha wa uani msiuchume."