Sauti ya Norah, Picha ya Koki

Gordon alichukua sauti ya Norah Ochola akaibandika picha ya Koki. Huo ndio ubaya wenyewe, na hakuna namna ya kuupaka sukari.

Norah alikuwa mama fua, mfuaji wa nguo za watu, kule mtaa wa Pipeline, miaka arobaini na sita. Shule hakuiona, kwa hiyo kila wimbo aliushika kwa sikio. Juu ya paa la ghorofa ya saba, kwenye kamba za nguo, aliimba nyimbo za vijana zilizokuwa zikipasua spika za mtaa, ila yeye aliziimba kwa mwendo wa kusugua blanketi. Wimbo wa kurukaruka ukageuka wa kubembeleza mtoto. Gordon, mpangaji wa chini aliyekuwa akirekodi kwaya, alipanda kuanika shati, akasimama na shati mkononi mpaka likamtiririkia viatuni.

Wakapatana kutengeneza albamu, nyimbo kumi za vijana zilizopozwa. Studio haikuwepo. Norah akafua mablanketi manne mazito, akayatundika pande nne, wakaingia katikati na maikrofoni. Blanketi lililolowa humeza kelele zote za mtaa; likikauka, upepo hulipepea na kazi imeharibika. Basi waliimba wakishindana na jua. Norah alimaliza ubeti, akatoka mbio na ndoo kuzimwagia kuta maji, akarudi kuwahi kiitikio, leso imemganda miguuni. Siku moja Gordon alicheka mpaka akaketi ndani ya karai lenye sabuni. Norah hakuwahi kuwa na wiki tamu kama ile. Hata ngazi za ghorofa saba alizipanda kama msichana.

"Mama, jina lako litajulikana kutoka mtaa huu mpaka mtaa wa Lucky Summer," Gordon alimwambia.

Albamu ikatoka. Ruqiyo, muuza maziwa wa pale chini, alimwonyesha kwenye simu: picha ya Koki, mchumba wa Gordon, amelaza shingo. Norah akamwomba amsomee jina. Ruqiyo akalisoma mara tatu, na mara zote lilikuwa Koki. Gordon alipoulizwa, alisema watu wanataka sura.

Wimbo uliopendwa zaidi ulikuwa wa kukata kiuno. Kwa upole wa Norah, akina mama wa kanisa la mtaani walidhani ni wa ibada. Maneno hakuna aliyeyasikiliza. Walishikana mikono, wakafumba macho, wengine wakalia. Mwongeli, mwenyekiti wao, akamwalika Koki kwenye siku ya akina mama.

Koki alikuja na gauni linalometameta, Gordon akabonyeza kitufe, na midomo ya Koki ikafuata sauti vizuri kabisa. Lakini akina mama wale hawaachi wimbo kwa sababu umekwisha. Rekodi iliponyamaza, wakakirudia kiitikio, makofi juu, wakimngoja kiongozi awatupie ubeti. Koki akatabasamu. Wakarudia. Koki akakohoa.

Norah, aliyekuja kujionea kwenye benchi la nyuma, mwili ulimwasha. Akainuka, akautupa ubeti.

Kanisa zima liligeuka. Mke wa mchungaji akavua viatu. Waliimba mara tisa, kumi, viti vikasukumwa ukutani, na Norah akakata kiuno katikati yao kama wimbo ulivyotaka tangu mwanzo. Alicheka huku akiimba, jasho likimtoka, hana haja ya kitu kingine duniani.

Mwongeli ndiye aliyemwendea Gordon na kumuuliza ni nani huyu.

"Huyu ni mwitikiaji tu," Gordon akasema.

"Mwitikiaji gani, na sisi ndio tunaomwitikia?"

Gordon akakunja nyaya zake, akaondoka na mchumba wake.

Albamu ingali inapigwa kwa jina la Koki. Koki ana deni: aseme kwa kinywa chake kwamba hakuimba hata neno moja. Na Gordon anadaiwa jina: Norah Ochola, liandikwe palepale lilipoandikwa lile la uongo, kisha apande zile ngazi akamsomee.