Mama alidhani tumeganda

Leo Mama amemchambua Salim, mchumba wa mdogo wangu Rukia, mbele yake, akidhani hatumsikii.

Rukia alitaka Mama, aliye Mombasa, amwone Salim kwa video na atoe idhini. Lakini mtandao wa kule ulikuwa dhaifu. Kila tukipiga, sura zinavunjika vipandevipande.

Binamu yetu Feisal, ambaye kazi yake hapa Houston ni kuboresha ukandamizaji wa video, yaani kuzibana zipite hata kwenye mtandao mdogo, akasema tatizo ni sisi.

"Simu haitumi kila picha nzima. Inachukua iliyopita na kubashiri kipi kimesogea wapi. Mkicheza ovyo, inakosea. Tulieni."

Akazima hata feni ya dari, na joto la hapa Stafford, kando ya Houston, mnalijua.

Tukakaa kwenye kochi kama tunapigwa picha za pasipoti. Video ikatakata.

Mama akatutazama, kisha akamgeukia shangazi aliyeketi kando yake.

"Wameganda tena. Ndiye huyu? Masikio hayo, wajukuu zangu watapeperuka."

"Ana macho ya upole," shangazi akasema.

"Upole hauoshi vyombo. Atamsaidia Rukia, au atakaa tu hivi?"

Rukia alikuwa amefumba macho.

Salim akainua mkono taratibu. "Naosha, Mama. Na kupika napika."

Mama akaweka mtandio wake sawa.

"Kumbe wasikia, mwanangu. Basi waambie wazee wako waje nyumbani. Masikio tutayazoea."

Sasa nyumba nzima ina furaha, isipokuwa Feisal, ambaye analalamika kwamba hakuna aliyeisifu picha.

Msifuni hapo chini, tafadhali.