Ngoma Iliyoanikwa Juani

Jirani yangu anachonga mlango wa muringa, na harufu ya mti huo mbichi imeingia hadi jikoni kwangu.

Nilipokuwa mtoto, baba alikuwa akichonga mizinga ya nyuki. Shule ilipomwomba ngoma ndogo ya bendi, alikata kipande cha gogo la muringa, akakikomba ndani kama mzinga mpaka ukuta wake ukabaki na unene wa kidole. Chini angefunga nyaya za breki ya baiskeli, ili kila pigo liwe na mchakacho. Kisha akamwita binti wa marehemu kaka yake, tuliyelelewa naye, akampima mkanda begani, maana mwalimu alimchagua yeye kuipiga. Mimi niliambiwa nifagie maranda.

“Ikauke kivulini wiki mbili,” baba alituambia. “Ikipigwa na jua itapasuka.”

Kesho yake baba alipoenda sokoni, niliitoa stoo nikaianika juani. Kufikia saa nane ilikuwa na ufa kutoka juu hadi chini.

Baba aliporudi aliuliza polepole, “Nani ameitoa hii?”

Binamu yangu alikuwa ameniona, lakini akasema, “Ni mimi, baba.”

Nilingoja achapwe. Baba alimtazama, akamshika kichwa. “Angalau wewe husemi uongo,” akamwambia, na jioni hiyo hiyo akamkatia gogo lingine.

Hata kosa langu likawa lake, tena likampatia ngoma ya pili. Mimi nikaitwa nifagie.