Samli Kwenye Santuri ya Mogaka

Samli iliyochacha inanuka vibaya popote, lakini ikichacha juu ya plastiki na gundi hupata uvundo wake wa pekee, mtamu na mchafu kwa pamoja, unaobaki puani hata ukipenga. Uvundo huo ndio mwaka wangu wa kumi, nyumbani kwetu Kiogoro, miaka ya mwanzo ya sabini. Wenzangu wanakumbuka utoto wao kwa maua ya kahawa. Mimi nakumbuka santuri ya kaka yangu Mogaka, na kila nikiikumbuka natamani kunawa mikono.

Mogaka alikuwa tarishi katika ofisi moja mjini Kisii. Alijipaka mafuta ya nywele mpaka kola za mashati yake zikageuka kahawia, na alikuwa anatafuta mke. Mahari haikumsumbua, kwa sababu dada yetu Kerubo alikuwa ameolewa Birongo, na kwetu ng'ombe walioletwa kwa ajili ya dada ndio kaka yake huolea. Dada huyo, kila akizuru nyumba ya kaka, hupokewa kwa heshima kubwa, maana bila yeye nyumba hiyo isingekuwepo. Katika ng'ombe wa Kerubo alikuwa amebaki mtamba mmoja mwekundu, wengine wakiwa wamekufa kwa ugonjwa wa ndigana. Nilimchunga mimi, na aliijua sauti yangu. Ijumaa moja asubuhi Mogaka alimfungua tukadhani anampeleka kwenye josho. Mchana alirudi peke yake, amebeba sanduku.

Lilikuwa la kijivu, lenye mkono wa kushikia, kama sanduku la mwalimu anayehamishwa. Kifuniko chake kiligawanyika kuwa spika mbili ambazo Mogaka aliziweka moja huku, nyingine kule. Ndani mlikuwa na kisahani cha kuzunguka na mkono mwembamba wenye sindano, pamoja na sahani chache nyeusi za nyimbo, na tumboni mabetri makubwa yamepangwa safu. Hadi siku hiyo muziki nilioujua ni wa redio ya jirani, iliyokoroma na kupiga miluzi, na waimbaji wake walikaa mbali kwa adabu. Kitu hiki hakikuwa na adabu hata kidogo.

"Moraa, keti hapa katikati," Mogaka aliniambia. "Sikia vile imetulia. Ni kama huyu mtu amekaa na sisi."

Kweli alikuwa amekaa na sisi. Kabla hajaimba neno nilimsikia mwanamume nisiyemjua akivuta pumzi shingoni mwangu. Nilisikia midomo yake ikibanduka, ulimi ukigusa meno, mate yakimezwa. Gita lilikuwa sikio la kulia, yeye la kushoto, karibu hivi kwamba nilijifuta sikio kwa kiganja. Nilishikwa na kinyaa. Nilimwomba Mogaka amtoe huyo mtu, naye akacheka na kuongeza sauti. Yeye alinuka mafuta ya nywele, sanduku lilinuka mpira mpya, nami nikaamua kwamba hao wawili ni uchafu mmoja.

Ndipo Mama akauliza mtamba yuko wapi. Mogaka alijibu kwamba amebadilishana na mwenye duka mmoja mjini. Mama alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama. Tata, ndivyo tulivyomwita baba yetu, alirudi kutoka kiwanda cha kahawa jua likikaribia kutua, na kwa kuwa Sabato ilikuwa inaingia hakupiga kelele.

"Jumapili utarudisha hiyo takataka," alisema, "na utakuja na ng'ombe wa Kerubo."

Mogaka alikiri kwamba jambo hilo liliwezekana. Mwenye duka alikuwa amempa hadi Jumapili kuijaribu santuri, na angeipokea iwapo tu ingekuwa nzima kama ilivyotoka. Jumatatu lori lingempeleka mtamba shambani kwake Nyansiongo, na hapo mambo yangekwisha. Jumamosi yote sanduku lilikaa chini ya gunia, nami kanisani nikamwombea mtamba kwa macho yaliyofumbwa kweli kweli.

Jumapili alfajiri, Mogaka akiwa anaoga na Mama akikamua, nililifunua. Kwetu hakuna kitu kilichokwenda kwa watu kikiwa kikavu. Kibuyu kilipakwa samli, mkanda wa ngozi ulipakwa, mtoto aliyepelekwa kwa bibi yake alipakwa, na Kerubo siku ya kuolewa alipakwa hadi mabega yakang'aa. Nililichukia lile sanduku, lakini nilitaka mwenye duka alipende. Basi nilichota samli ya Mama na kuzipaka sahani za santuri moja moja, mbele na nyuma. Mistari yake ilikuwa kama kaakaa la mbuzi chini ya vidole, na nilipaka huku nimekunja uso. Nikapaka na sindano, na kitambaa cha spika. Vyote viling'aa vizuri sana. Nilifunga kifuniko, nikachukua kamba ya kumrudishia mtamba.

Tulitembea hadi mjini juani, Mogaka na sanduku, mimi na kamba yangu. Mwenye duka alifungua, akaweka sahani. Yule mwimbaji, aliyekuwa na mate yake tu Ijumaa, sasa aligugumia kama mtu anayezama kwenye makohozi, kisha akanyamaza kabisa, na sindano ikainuka na donge la vumbi na mafuta. Mwenye duka alinusa vidole vyake, akavifuta ukutani.

"Kijana, hii kitu mlikuwa mnakaangia nini? Ng'ombe sirudishi. Beba uchafu yako uende!"

Nilianza kulia, na nyuma ya duka mtamba akanisikia, akalia pia. Mogaka alizitazama zile sahani, halafu akaitazama mikono yangu, iliyokuwa bado inang'aa hadi viwikoni. Alilibeba tena sanduku tukarudi nyumbani. Tata alitungoja langoni, akaiona kamba tupu.

"Ni mimi niliipaka samli, Tata," Mogaka alisema kabla sijafungua mdomo. "Nilitaka ing'ae."

Tata alitema mate chini, akaondoka. Tangu siku hiyo Mogaka akawa yule aliyekula ng'ombe wa dada yake. Alioa akiwa amechelewa sana, na Kerubo hajawahi kuingia nyumbani kwake. Nami, kwa woga, niliungana na waliomdharau. Nilipita kwenye mlango wake nimebana pua, huku sanduku likichacha pembeni na mende wakizaana ndani ya spika, mpaka Mama akalitupa migombani.

Siku hizi muziki hauna sanduku. Mjukuu wangu hunitia visikizi masikioni, "Magokoro," ndivyo aniitavyo mimi bibi yake, "sikia vile iko safi," na mwimbaji akivuta pumzi navitoa haraka. Anadhani ni uzee. Mwezi uliopita nilikwenda Kiogoro kumwona Mogaka, mzee sasa, asiye na meno ya mbele. Kabla ya kula alileta maji, akamkataza mkewe asininawishe, akanimiminia yeye mwenyewe, polepole, hadi viwikoni, kama afanyavyo kila nikienda. Hajawahi kuniuliza lolote. Nilikula chakula chake, nikarudi kwangu, na Kerubo bado hajui.