Hatua Tano Zisizolimwa

Niliondoka upande wetu wa Kabambare na jozi moja ya viatu, nikarudi na diploma ya falsafa. Hakuna mjomba aliyenisomesha. Nilisukuma baiskeli za mizigo mpaka Salamabila, nikajilipia masomo mwenyewe, na leo nyumba ya kwanza ya matofali ya kuchoma unayoiona ukiingia kijijini kwetu kutoka Kasongo ni yangu. Nayasema haya ili ijulikane kwa nini mama alinisikiliza.

Kati ya shamba letu la karanga na la jirani kulikuwa na ukanda wa majani, upana wake hatua tano, ambao haukuwahi kulimwa. Kila siku saa sita mama na jirani yetu, mjane kama yeye, waliacha majembe wakakaa pale na kula katika sahani moja. Wakimaliza waliiosha na kuigeuza kifudifudi juu ya jiwe ikauke. Hata wiki ambayo mbuzi wetu alimaliza mihogo ya jirani, walikula pale. Ugomvi uliwangoja mashambani.

"Mama, pale ni petu ao ni pao?" niliuliza.

"Pale ni pa kukaa."

"Hilo si jibu. Kitu ni chetu, ao si chetu."

Jirani, niliyemwita mama mudogo tangu utoto, alicheka mpaka akakohoa. "Dada, huyu mutoto wako walimufundisha kuhesabu mpaka mbili tu? Miaka yote ile?"

Neno lile liliniuma. Wakati huo niliamini kwamba anayekaa katikati ni mwoga, anaogopa kusema ukweli uko wapi. Nikaleta utepe na vigingi, nikagawa ukanda sawasawa mbele ya watu, kila upande nusu yake. Wakanipongeza. Mama aliitazama karatasi ya mgawanyo niliyoitia sahihi, akaikunja. Nikapanda karanga mpaka kwenye vigingi. Baada ya siku chache mama mudogo naye akapanda mpaka kwenye vigingi.

Saa sita mama alikwenda na sahani yake, akakaa upande wetu. Mwenzake akakaa upande wake.

"Karibu," mama alisema.

"Karibu wewe."

Hakuna aliyenyanyuka. Nilikuwa nimesimama karibu na jembe langu, na ndipo nilipogundua kwamba sijawahi kuwasikia wakikaribishana pale. Hapakuwa na mwenyeji. Sasa kila mmoja alikuwa kwake, na kwenda kwa mwenzake ilikuwa kwenda ugenini. Mama alikula kidogo, akarudisha kilichobaki nyumbani. Ilikuwa hivyo msimu mzima.

Mvua zilipoanza tena, mama alifariki. Mama mudogo alikuja matangani, akalia kuliko sisi wote, lakini hakugusa chakula chetu.

Nikang'oa vigingi vyote. Nikang'oa na karanga zangu, nikaenda kumwambia achukue ukanda wote.

"Unanipa ao unanirudishia?" aliuliza. "Ukinipa, mimi iko mwombaji wako. Ukinirudishia, wewe iko mwizi. Chagua, Profesa. Wewe ndiye ulitufundisha."

Nikarudi nyumbani bila kuchagua, mimi niliyetetea kazi yangu ya mwisho ya chuo mbele ya walimu watatu bila kutazama karatasi.

Naye aliacha kulima nusu yake, bila kuniambia. Majani yamerudi. Hakuna anayekaa pale. Lakini nikiwa shambani, jua likiwa juu ya kichwa, nasikia wanawake wawili wakizungumza chini kwa chini upande ule, na mmoja anakohoa kwa kicheko. Nikigeuka, ni majani tu.

Siku hizi napeleka sahani ya mama yenye karanga za kuchemsha, naiweka juu ya jiwe, naondoka. Jioni naikuta tupu, kifudifudi. Labda ni mbuzi na upepo. Njia ya kwenda kwa mama mudogo ni fupi, na swali ni jepesi. Sijaenda kuuliza.