Feni Mbili Zilizokataa Kuzunguka

Wateja wake wanamwita Kiguu, kwa kufupisha kiguu na njia, na hakuna anayekumbuka nani alianza kumwita hivyo. Ana miaka hamsini na miwili na karakana ya feni na majokofu yenye upana wa hatua nne, ambayo huizunguka kutwa nzima kama anayetafuta kitu alichokisahau. Mkewe aliwahi kumnunulia kiti cha magurudumu. Baada ya wiki mbili kiti kilihamia kwa fundi cherehani wa mlango wa pili, ambaye husema kwamba katika mali zote za Kiguu, ni hicho tu kilichokubali kutulia.

Kazi anaifanya kwa sikio. Ukimpelekea feni ya mezani hakuulizi ina tatizo gani. Anaichomeka, anainamisha kichwa na kusikiliza. Ikivuma bila kuzunguka, beringi zimekauka. Ikisubiri kusukumwa kwa kidole ndipo ianze, kapasita imechoka. Ikizunguka raundi mbili tatu kisha ikasimama, kuna ugonjwa mkubwa zaidi, na feni ya aina hiyo hufunguliwa hapohapo hata kama mwenyewe alipita kusalimia tu. Kwa miaka ishirini na minane kanuni hiyo haijawahi kumwangusha, na ndiyo iliyomponza Ijumaa moja.

Siku hiyo, saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, mdogo wa mkewe aliingia karakanani akiwa na laptopu begani na maboksi mawili kifuani. Ni mchoraji wa majengo, ana miaka thelathini na mmoja. Kwa miaka miwili alikuwa kibarua katika ofisi ya usanifu yenye vibarua wawili na nafasi moja ya kudumu. Mkuu wa ofisi aliamua kumaliza ubishi kwa kuwapa wote kazi ileile: video ya dakika tatu inayomtembeza mtu ndani ya zahanati ambayo bado haijajengwa, kuanzia getini, kupita wodi ya wazazi, hadi maabara. Mwisho wa kupokea ulikuwa Ijumaa hiyo, saa kumi kamili jioni.

Michoro yake ilikuwa tayari. Kilichobaki ni kompyuta kuigeuza iwe video, na laptopu yake ilikuwa imepiga hesabu na kumwambia kazi hiyo ingechukua saa arobaini. Kibarua mwenzake ana kompyuta kubwa ya mezani nyumbani kwao.

Ndiyo sababu ya maboksi. Katika la kwanza mlikuwa na kadi ya picha, ile sehemu ya kompyuta ya mezani inayobeba mzigo wote wa kuchora taswira, ndefu kama kiatu cha mwanamume na yenye feni mbili usoni. Aliipata jana yake kutoka ukumbi wa michezo ya kompyuta uliokuwa unafungwa. Katika la pili mlikuwa na kasha la chuma lenye soketi ya kuipokea kadi na waya mfupi wa kuiunganisha na laptopu kutoka nje. Kasha huja bila pawasaplai, na bila hiyo kadi haipati umeme wa kutosha. Mchoraji alimjua mtu mmoja tu mwenye rafu nzima ya pawasaplai. Kiguu huzitumia kujaribia mota ndogo.

"Shem, naomba unifungie tu," alisema. "Usitengeneze kitu. Hakuna kilichoharibika."

"Nani kasema nitatengeneza?"

"Wewe hutengeneza hata kilicho kizima."

Upande wa pili wa ukuta cherehani ilinyamaza kidogo, kisha ikaendelea. Ukuta ule ni wa mbao nyembamba, na fundi cherehani huhudhuria mazungumzo yote.

Kufunga kwenyewe hakukuwa na shida. Kiguu alichagua pawasaplai ya wati mia tano na hamsini, ya aina ambayo nyaya zake huchomolewa na kuchomekwa pembeni, akaifuta vumbi na kuikaza kwenye kasha kwa skrubu nne. Plagi pana yenye matundu ishirini na manne iliingia kwenye bodi ya kasha. Kadi aliishika kwa kingo, akaisimamisha juu ya soketi na kuibana kwa gumba mpaka ikalia tik. Skrubu moja ya kuishikilia isilale, kisha waya wa umeme wenye pini nane juu ya mgongo wake. Yote hayo aliyafanya akiwa amesimama, huku mguu wa kushoto ukipiga sakafu.

Saa nne kasorobo aliwasha. Taa ya kasha ikawaka, laptopu ikatoa mlio, na jina la kadi likatokea kwenye skrini. Feni zote mbili zilizunguka raundi tatu, zikapunguza mwendo, zikasimama. Mchoraji hajamaliza kulisoma jina, mkono wa Kiguu ulishafika kwenye swichi.

"Mbona umezima?"

"Imekufa hiyo."

"Shem, kompyuta imeiona. Jina si hilo limetokea?"

"Jina hata marehemu anabaki nalo."

Akaifungua. Alichomoa kadi, akazungusha feni kwa ncha ya kidole, akainusa. Beringi zilikuwa laini. Akapima mota kwa mita, zikawa nzima, jambo lililomkera zaidi, kwa sababu ugonjwa usioonekana ni mbaya kuliko unaoonekana. Akairudisha yote mahali pake na kuwasha. Raundi tatu, kimya. Akazima.

Mchoraji alimpigia muuzaji mara mbili bila kujibiwa. Alitafuta kwenye simu akakuta watu wanabishana: mmoja alisema kadi nyingine hukaa kimya zikiwa baridi, na wengine watano walikuwa wamemcheka. Alimsomea Kiguu maneno ya yule mmoja.

"Yaani feni inajiamulia lini izunguke," Kiguu alisema. "Hiyo ni feni au bosi?"

"Mimi nasoma kilichoandikwa."

"Ikiungua utamwambia huyo aliyeandika akununulie nyingine?"

Hapo ndipo Kiguu alipomshinda mchoraji. Kadi ilikuwa imeshatumika, haina dhamana, na yeye mwenyewe hakuwa na uhakika. Fedheha ya kubishana na fundi halafu kitu kikaungua mbele yake ilimtisha kuliko saa ya ukutani, ingawa saa ya ukutani ndiyo aliyokuwa anaiangalia. Kazi iligawanyika vipande vitatu: geti, wodi, maabara. Kwa kadi hii kila kipande kilihitaji saa moja na nusu. Wangeanza ile saa nne kasorobo, vyote vingekuwa tayari saa nane na robo.

Ilipogonga saa tano na nusu, Kiguu alikuwa amefungua kasha mara nne na kubadilisha pawasaplai mara moja, na matokeo yalikuwa yaleyale. Karakana ilijaa skrubu. Alikuwa anatoka nje, anatazama barabara kana kwamba jibu lingepita kwa miguu, anarudi.

"Kiguu," fundi cherehani aliita kupitia ukuta, "hiyo kompyuta au gari? Maana gari ungeshaendesha."

"Shona nguo za watu."

Ndipo alipoushuku waya wa pini nane. Labda umechoka, alisema, haupitishi umeme wote. Akavuta droo ya chini na kutoa waya mwingine, mnene, mpya, uliobaki kwenye pawasaplai iliyokufa zamani. Ulikuwa na plagi sawasawa na ule wa kwanza, pini nane huku na pini nane kule. Akauchomeka kwenye pawasaplai, ukaingia bila kulazimishwa.

Kiguu ana pupa ya miguu, lakini mikono yake ililelewa vizuri. Hajawahi kuunganisha waya wowote bila kuupima kwanza. Aliunganisha waya wa kijani na mweusi wa plagi pana kwa kipande cha shaba, ili pawasaplai iwake ikiwa peke yake, kisha akaingiza ncha za mita kwenye matundu ya plagi iliyokusudiwa kadi. Tundu la kwanza, sawa. La pili, sawa. La nne, ambalo lilipaswa kuwa kimya, lilisoma volti kumi na mbili.

Akapima tena. Kumi na mbili.

Kila mtengenezaji wa pawasaplai huzipanga nyaya zake anavyotaka upande wa sanduku, na plagi zinazofanana kwa umbo zinaweza zisifanane hata kidogo kwa zinachobeba. Waya ule ulikuwa wa kampuni nyingine. Kiguu aliuchomoa taratibu, akauweka mezani, akausogeza mbali kwa kidole kimoja.

"Nini?" mchoraji aliuliza.

"Ningeuchomeka huu, tungenusa moshi."

"Kadi?"

"Kadi. Na laptopu pengine."

Kwenye laptopu mlikuwa na zahanati nzima, na nakala yake ya mwisho nje ya laptopu ilikuwa ya Jumanne. Mchoraji alisimama. Hakupandisha sauti.

"Shemeji, rudisha ule waya wa kwanza. Ukimaliza, kasimame mlangoni. Sitaki mkono wako karibu na swichi."

"Na feni?"

"Nitaangalia joto lenyewe. Lina namba yake kwenye skrini. Likifika themanini nitazima mwenyewe."

"Themanini ni nyingi."

"Shem."

Alirudisha. Saa sita na dakika ishirini na tano aliondoka mezani na kwenda mlangoni, ambako alishika fremu kwa mikono yote miwili, kama mtu anayezuia nyumba isianguke. Mchoraji aliwasha. Raundi tatu, kimya. Safari hii hakuna aliyegusa kitu. Kwa kuwa muda wa vipande vitatu haukuwepo tena, ilimbidi achague viwili. Aliruka geti, akaanza na wodi ya wazazi.

Namba ilisoma thelathini na nane. Ikawa arobaini na tatu. Kazi ilipopamba moto ikaruka hadi hamsini, na feni zimetulia kama picha.

"Hamsini ngapi?" Kiguu aliuliza mlangoni.

"Na mbili."

Alitoka nje. Alirudi.

"Sasa?"

"Hamsini na saba."

"Shem, zima. Mimi naijua mota inayokufa."

"Kaa hukohuko."

Cherehani ya jirani ilikuwa imenyamaza kitambo. Hamsini na tisa. Mchoraji aliweka kidole juu ya swichi ya kasha, akakiacha hapo. Kiguu aliona kidole kile, akageuza uso kutazama barabara, kwa sababu kama angeendelea kukitazama angekwenda kukibonyeza yeye.

Sitini. Sitini na moja.

Kiguu alisikia kwanza. Ulikuwa mvumo mdogo, sawa, usiokwaruza, wa feni mbili zikianza pamoja. Hakuhitaji kugeuka ili ajue kwamba beringi zake zilikuwa nzima na kapasita hazihusiki. Namba ikarudi hamsini na nane na kukaa hapo.

"Ilikuwa inasubiri ipate moto," alisema polepole.

"Ndivyo yule mtu alivyoandika."

"Na mimi nimeizima mara nne."

"Tano."

Alipiga hesabu yake kimya akiwa amesimama, na midomo ilionyesha namba zinavyopita. "Nimekula saa zako mbili na nusu."

"Na dakika kumi," mchoraji alisema. Hakulainisha neno, wala hakuliongezea chumvi.

Kuanzia hapo Kiguu aliteseka vizuri. Kazi ilikuwa inakwenda bila yeye, na hakuna adhabu mbaya kwake kuliko hiyo. Aliokota skrubu zote, akazipanga kwa urefu. Akafagia. Akaenda kwa fundi cherehani kuazima kiti chake mwenyewe ili shemeji akae, akakileta akikisukuma. Wodi ilikamilika saa nane na dakika tano, maabara saa tisa na dakika thelathini na tano. Kutuma kulichukua dakika kumi na saba. Saa kumi kasoro dakika nane ujumbe uliandika kwamba faili limefika, dakika mbili za video mahali pa tatu.

Simu ya mkuu wa ofisi iliingia saa kumi na nusu. Mchoraji aliiweka sauti ya nje kwa sababu mikono yake ilikuwa inachomoa nyaya.

"Geti liko wapi?" mkuu aliuliza, bila salamu.

"Muda ulinishinda, mzee. Nikaona kama nachagua, bora wodi. Geti kila mtu ameshaliona."

Upande wa pili karatasi zilifunuliwa. Kiguu aliacha kufagia mahali alipokwisha kufagia.

"Mwenzako kaleta zote tatu," mkuu alisema. "Dakika nzima na nusu ananizungusha getini, na maua. Nikaingia wodini nikatoka, sijui vitanda viko vingapi. Wewe nimehesabu vyako. Njoo Jumatatu saa tatu uwaonyeshe kamati. Geti watakuuliza, uwe na la kusema. Na mambo ya barua ya kazi tutaongea baada ya hapo."

"Sawa, mzee."

"Hiyo mashine uliyotumia, uje nayo."

Simu ilikatika. Mchoraji alibaki ameinamia kasha, ameshika kingo zake mbili. Chuma kilikuwa bado cha moto.

"Jumatatu saa tatu," Kiguu alisema. Bisibisi ilikuwa mkononi, haijulikani tangu lini. "Basi niachie mpaka Jumapili. Kuna skrubu moja pale nyuma sijairidhia."

"Nalibeba sasa hivi."

"Ni moja tu."

Mchoraji alilifunika kasha kwa kitambaa, akalikumbatia, akatoka. Kiguu alimfuata akiwa amebeba laptopu, akimwelekeza wapi pana shimo, wapi pana ngazi, alibebe wima, asiliegemeze tumboni, mpaka njia panda, na walipofika njia panda akasema atamvusha tu barabara.