Kitambaa cha Njano kwenye Wavu wa Maneno

Mariyamu, ambaye mtaani tulimwita Mama Bakari, alifundisha darasa la tano pale shuleni kwetu Rumonge. Mimi, Zuwena, nilifundisha la tatu, ukuta mmoja katikati. Ukuta wenyewe ulikuwa mwembamba, kwa hiyo kila alichofundisha nilikisikia, nitake nisitake. Kama kuna mtu wa kusimulia habari za yule mama bila kutia chumvi ni mimi, maana nusu ya miaka ile nilikuwa nimemkasirikia.

Kelele, jamani! Sisi wengine tulifundisha Kifaransa kama tulivyofundishwa: unaandika maneno ubaoni, fimbo inagonga neno, watoto wanaimba, kesho wamesahau, unawachapa, basi. Yeye alitoka kwenye semina Bujumbura, kabla ya vita, na jambo lake jipya. Unaandika neno moja katikati, unalizungushia duara, halafu unachora mistari kwenda kwa maneno ndugu zake. Wiki ya kwanza watoto walinakili yale maduara wakidhani ni mayai. Nilicheka mpaka darasa langu likacheka na mimi. Mama Bakari hakujibu. Alikuwa mtu wa kutojibu, na hilo ndilo lililonikera zaidi.

Baba yake alikuwa fundi wa nyavu. Siku moja Mama Bakari akaja na wavu chakavu wa marehemu, akautundika darasani, nikamsikia akiwaambia watoto, "Tazameni. Fundo moja likilegea, wenzake wanalishika. Neno ukiliacha peke yake, linazama." Tangu hapo hawakusema duara tena, walisema wavu. Aliuchora kwa makaa juu ya karatasi za mifuko ya simenti, akaubandika ukutani kwa gundi ya unga wa muhogo. Wavu ukakaa muhula mzima, kila siku unaongezeka.

Halafu akaleta na mambo ya vitambaa. Huku kwetu kila mwenye wavu hufunga kitambaa chake kwenye boya, ili majini asigombane na mtu: huyu ana chekundu, yule ana cha mistari. Mama Bakari akaichukua desturi hiyohiyo. Mtoto akileta neno, anabandika chini yake kipande cha nguo ya kwao, ijulikane nani kalivua. Wee! Walivyogombania! Mama zao wakaja kulalamika kwa direkta wa shule kwamba pindo za vitenge zinaliwa na panya wa miguu miwili. Lakini Kifaransa kiliwaingia, kweli lazima isemwe. Watoto niliowashindwa mimi kwa fimbo, kwake walizungumza kama makarani.

Vita ilipotufikia, nusu ya darasa lake ikawa wageni waliokimbia kutoka milimani. Akawapa vitambaa, akaendelea. Mwanawe Bakari, wa pekee, kijana wa sekondari, alivuka ziwa kwenda Kigoma baada ya vijana wa mtaa kuchukuliwa na wasirudi. Akawa mkimbizi kambini. Kuvuka usiku kulikuwa kumepigwa marufuku, mitumbwi yote ilipaswa kulala mchangani kabla ya magharibi. Aliyekuwa akivuka bado ni Mulamba, Mkongomani wa upande wa Uvira. Mtaa mzima ulijua na mtaa mzima ulinyamaza, maana karibu kila nyumba ilikuwa na mtu aliyevushwa naye. Siasa hakuwa nayo, alikuwa na mtumbwi. Ndiye aliyeleta salamu za Bakari: kijana amechoka na kambi, anataka kurudi kwao. Wakakubaliana na mama yake kwamba atamleta siku za giza, mwezi ukiwa haupo. Mama Bakari akapaka chumba chokaa, akanunua godoro. Nilimsaidia kulibeba huku nikinung'unika njia nzima, na yeye anatabasamu. Sikuwahi kumwona ametabasamu hivyo.

Sasa sikilizeni. Benita, binti wa Mulamba, alikuwa darasa la tano. Wavu wa muhula ule katikati ulikuwa na neno *lac*, yaani ziwa. Ijumaa mchana Mama Bakari alikwenda swala kama kawaida yake, akawaachia watoto makaa waendelee wenyewe. Benita akaona nafasi. Kutoka *pirogue*, mtumbwi, akavuta mstari akaandika *traverser*, kuvuka. Kutoka hapo, *la nuit*, usiku. Kutoka usiku, *Kigoma*. Chini yake akabandika kitambaa cha njano chenye maua meusi. Kazi nzuri, mtoto hakukosea hata herufi moja.

Jumamosi asubuhi mkubwa wa posti ya askari akaitisha mkutano wa wazazi wote. Kanisani walijaa wakimbizi, kwa hiyo tukaingizwa darasa la tano, na hakuna aliyekumbuka wavu wa ukutani. Yule bwana akaongea mambo ya usalama, akageukia ukuta. Akaufuata wavu kwa kidole, fundo kwa fundo, mpaka Kigoma.

"Nani ameandika hii?" akauliza. "Hii kitambaa ni ya nani?"

Vestine, mke wa Mulamba, alikuwa amekaa mbele yangu kabisa. Mgongoni amebeba mtoto mchanga, na kitenge alichombebea ni cha njano, maua meusi, pindo limekatwa kipande. Nilivua kanga yangu nikamtupia yeye na mtoto gubigubi, nikasema kwa sauti, "Mtoto ana homa, mfunike basi, mama gani wewe!" Jua lilikuwa la kuoka muhogo.

Wakati huohuo Mama Bakari alikuwa amesimama. "Ni cha mwanangu, Bakari," akasema. "Alikuwa akinisaidia darasani. Nguo ni shati lake la zamani. Aliandika kabla hajaondoka."

"Aliondoka kwenda wapi?"

"Si ameandika hapo? Kigoma. Usiku."

"Nani alimvusha?"

"Hakuvushwa. Aliiba mtumbwi wa marehemu baba yangu, akaenda peke yake."

Mtumbwi wa marehemu ulikuwa umeoza tangu tukiwa wasichana. Kila mzazi pale alijua. Mkubwa akaichana ile karatasi ya simenti yote, akaikunja. "Bakari," akasema taratibu, kama anayeonja jina. "Siku akikanyaga mchanga wa hapa, wewe mwenyewe utamuleta kwangu. Na usipomuleta, nitamupata." Kisha akaendelea na mkutano.

Baada ya alasiri Mulamba na Vestine wakaja kwa Mama Bakari. Nilikuwepo, nimefuata kanga yangu. Vestine alipiga magoti. Mulamba akasema, "Mama Bakari, mimi nitamuleta tu. Sitamushusha hapa, nitamushusha Magara."

"Magara nako kuna watu wa kuona, na hapa wapo. Mwambie asije."

"Nimwambie sababu gani?"

"Usimwambie sababu. Namjua mwanangu. Akisikia nimesimama mbele ya askari, atakuja hata kwa kuogelea. Mwambie: mama yako amesema usije, basi. Niahidi."

Mulamba akaahidi. Mimi nikashindwa kujizuia. Nikamwambia, "Mariyamu, wewe una moyo au una jiwe la kusagia? Mtoto atafikiri umemkataa!"

"Kaa chini, Zuwena," akasema. "Chai inapoa."

Mulamba alivuka, akarudi, akaleta jibu. Alisema Bakari aliuliza swali moja tu: mama ameolewa na mwingine? Mama Bakari alicheka kidogo, akaendelea kufuta meza iliyokuwa safi tayari. Salamu hazikuja tena. Kila Mulamba alipovuka nilimwona yule mama akipita njia ya ufukweni, anauliza bei ya ndagala, dagaa wa ziwani, na ndagala hanunui.

Darasani alianza karatasi nyingine, watoto wakaleta vitambaa vingine. Nilidhani angeacha mchezo ule. Nilimwambia hata, nikamgombeza, kwamba vitambaa vimemla mwanawe na bado anavitaka. Akasema watoto wana mtihani. Benita alikaa mstari wa mbele, na sikumsikia hata siku moja Mama Bakari akimpandishia sauti.

Mvua kubwa zilipoanza, kipindupindu kiliingia makambini ng'ambo. Mulamba alikuja shuleni saa ya mapumziko, mchana kweupe, kofia mkononi. Kabla hajafungua mdomo nilijua. Alisema Bakari aliugua, akazikwa kulekule na Waislamu wenzake, kwa heshima zote, na yeye Mulamba alishika jeneza. Mama Bakari alikuwa na kipande cha makaa mkononi. Hakulia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, mimi sikuthubutu hata kumshika bega.

"Ulimwambia?" akauliza.

"Nini, mama?"

"Sababu. Nimekuuliza, ulimwambia? Hata mwishoni?"

Mulamba akainua uso, na masikini alikuwa na fahari kidogo. "Hapana, mama. Mimi mutu wa neno. Ulinikataza, na mimi nilishika neno yako mupaka mwisho."

Aliyeona uso wa Mariyamu wakati ule ni mimi peke yangu, maana Mulamba alikuwa ameinamisha kichwa tena. Mariyamu alikuwa ametumaini. Miezi yote ile alikuwa akitumaini kwamba yule mwanamume amevunja ahadi.

"Murakoze, Mulamba, asante," akasema, akaingia darasani.

Maisha yangu yote nimewachukia watu wasiotunza siri. Siku ile nilimchukia Mulamba kwa kuitunza, na bado namchukia, na najua si haki. Nilirudi kwa watoto wangu wa la tatu, nikawaambia wanyamaze wasome kimoyomoyo. Kupitia ukutani nilimsikia Mama Bakari akiuliza nani ana neno, na Benita akiwa wa kwanza kujibu.